Kubadilisha Wish: watu sita, kilomita mbili za murram, milioni 2.3. Sienta, Noah au X-Trail?

MamaTatu wa Ruai

Hamjambo wote. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua magari haya kwa undani.

Toyota Wish yetu ya 2010, injini ya 1800, imefika mwisho. Giaboksi inateleza ikishapata moto na gharama ya kuitengeneza haina maana tena kwa gari la umri huo. Tuko sita: wazazi wawili, watoto wa miaka 9, 6 na 2, pamoja na mama mkwe. Kila siku ni Ruai hadi Upper Hill kupitia Kangundo Road na Jogoo Road, watoto wanaachwa shuleni njiani. Kilomita mbili za mwisho kufika nyumbani ni murram, na mvua ikinyesha ni mashimo na matope. Likizo tunapanda Kisii kupitia Narok na mizigo.

Bajeti ni milioni 2.3, usajili na bima zikiwemo. Nimeangalia Toyota Sienta, Honda Freed, Toyota Noah na Nissan X-Trail ya viti saba. Baba watoto anapenda Mazda CX-5 ya dizeli kwa sababu ya mafuta. Ipi inatufaa? Tuagize Japan, tununue yadi, au tuchukue iliyotumika hapa hapa? Na siku ya kukagua, macho yaende wapi hasa?

SpanaKumi

Mama Tatu, anza na viti kabla ya injini. Ukifanya hivyo orodha yako inapungua yenyewe.

CX-5 iondoe leo. Ina viti vitano, nanyi mko sita. Hata mngekuwa wanne, ile dizeli ya 2.2 haifai safari za kuanza na kusimama za Jogoo Road. Ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi injini ikiwa moto na gari linakwenda kwa kasi ya kutosha kwa muda. Kwenye foleni zoezi hilo linakatika katikati kila mara. Dizeli ya ziada inayopulizwa ili kuchoma masizi inateremka kwenye oili, kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, na oili iliyochujuka inakula injini. Gari hilo linamfaa mtu wa barabara ndefu.

Sienta ya modeli ya 2015 hadi 2022 ina safu tatu, lakini angalia safu ya tatu inavyokunjwa: inazama chini ya safu ya kati. Ili mtu apite nyuma, kiti cha kati lazima kipinduliwe mbele. Ukishafunga kiti cha yule wa miaka 2 safu ya kati, upande huo haupinduliki tena mpaka ukifungue. Kwa hiyo kila asubuhi wote wa nyuma watapitia mlango mmoja. Safu ya tatu ikiwa wima, buti inabaki ya kutia mikoba ya shule tu. Kwa familia ya watu wanne inayobeba wageni mara moja moja, Sienta ni gari zuri sana: injini ndogo ya 1,496 cc, milango ya kuteleza, inageuka popote, spea zimejaa Kirinyaga Road. Kwa sita kila siku mtaichoka haraka.

Freed ya viti sita, modeli iliyotoka Septemba 2016, inatatua tatizo hilo la kupita. Safu ya kati ni viti viwili vilivyoachana na njia katikati, watoto wanapita bila kugusa kiti cha mdogo wao. Shida ni mbili. Viti sita kwa watu sita, mizigo ya Kisii itakaa juu ya paa. Na kimo chake kutoka ardhini ni milimita 135, cha chini kuliko vyote ulivyotaja. Ukiichukua, chukua ya petroli yenye CVT, yaani giaboksi ya mkanda na puli isiyo na gia za hatua. Ile haibridi yake hutumia giaboksi ya klachi mbili, na si kila mekanika mtaani anaiweza.

Noah ya modeli ya 2014 hadi 2021 ndiyo ningekuelekeza. Injini ni 3ZR-FAE, 1,986 cc, na CVT. Zipo za viti saba na za viti nane, nawe tafuta ya saba: viti viwili vya kati vimeachana, mama mkwe anaingia wima bila kuinama sana, watoto wakubwa wanapita katikati kwenda nyuma. Ya nane ina faida moja safarini. Wakae watatu katikati na mmoja nyuma, nusu ya safu ya tatu ikunjwe pembeni, mizigo ipate pa kukaa. Lakini Kisii ni likizo, shule ni kila siku. Chukua ya saba na uweke kerieli. Kimo cha gari ni milimita 1,825 kabla ya kerieli, kwa hiyo pima kwanza lango la maegesho ya chini kazini Upper Hill.

Kuna jambo moja la kuepuka: matoleo yanayoitwa Noah Si na Voxy ZS (Voxy ni pacha wa Noah). Injini ni ile ile, ila bampa zake ni pana na zinashuka chini. Kwenye mashimo ya Ruai bampa hiyo itang'oka klipu moja baada ya nyingine. Chukua toleo la kawaida, hata kama halivutii macho yadi.

Mwendo Pole

Naheshimu hesabu ya viti, lakini mvua ya Aprili huko Ruai tusiipuuze. Noah ina milimita 160 kutoka ardhini, Sienta 145. X-Trail ya modeli ya T32 ina 205 na zipo zenye magurudumu manne yanayovuta. Kwa kilomita mbili za matope kila jioni, mimi ningesema X-Trail, watoto wawili wakae nyuma.

SpanaKumi

Mwendo Pole, namba zako ni sahihi. Ila safu ya tatu ya X-Trail ni ya watoto wadogo, magoti yanapanda kifuani. Wa miaka 9 ataitumia muda mfupi tu kabla hajaizidi. Na kuifikia ni kusogeza kiti cha kati mbele, kwa hiyo kiti cha mtoto kinazuia vile vile.

La pili ni CVT. X-Trail nzito, watu sita, mizigo, halafu ule mlima wa kutoka Mai Mahiu kurudi Rironi nyuma ya malori. Hapo oili ya CVT inachemka, na kompyuta ya gari inapunguza nguvu ili kujilinda. Ikiwa mwenye gari wa awali hakubadilisha oili ya CVT, aina ya NS-3, kwa wakati, mkanda wa ndani umeshaanza kuteleza kabla hujalinunua. Si kwamba Noah haina CVT, inayo, lakini X-Trail nimeona zikiletwa na shida hiyo mara nyingi zaidi.

Kuhusu murram: kimo kinachoandikwa ni cha gari tupu. Watu sita wakipanda, nyuma inashuka. Wanaoendesha Noah kwenye barabara kama hiyo huweka spesa juu ya springi, na hapo usizidi inchi moja. Ukizidi, ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali, buti za mpira zinachanika, grisi inamwagika, na baada ya muda utasikia kaka-kaka unapokata kona. Baada ya kuinua fanya alaimenti na ushushe taa za mbele, la sivyo utawamulika watu machoni. Na uijulishe kampuni ya bima.

Karani wa Bandari

Nijibu la kuagiza au kununua hapa, maana watu wengi wanapigia hesabu bei ya Japan tu.

Tangu tarehe 1 Januari 2026, gari lililotumika ambalo lilisajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya 2019 haliingii nchini. Ni ile kanuni ya miaka minane ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kinachoangaliwa ni mwaka wa usajili wa kwanza, pamoja na usukani uwe kulia. Kabla ya kupakiwa melini lazima likaguliwe huko huko na lipate cheti cha KEBS. Usilipe salio kabla hujaona nakala ya cheti hicho.

Ushuru sasa. KRA, mamlaka ya mapato, hawatumii bei uliyolipa. Wanatumia orodha yao ya bei za magari mapya, CRSP, wanapunguza kwa umri wa gari na kuondoa kodi zilizomo, ndipo wanapata thamani ya forodha. Tuseme thamani hiyo imekuja shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1,500 cc ni asilimia 20 ya 1,350,000, yaani 270,000. VAT ni asilimia 16 ya jumla hiyo, 259,200. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, zote juu ya ile milioni. Jumla 924,200. Injini ikizidi 1,500 cc, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 25, na jumla inafika 1,002,500. Tofauti ni 78,300 kwa kila milioni ya thamani ya forodha. Na Noah thamani yake yenyewe iko juu kuliko ya Sienta, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa zaidi. Pakua orodha ya CRSP kwenye tovuti ya KRA, tafuta modeli kamili kwa herufi zake, si jina tu. Noah ya magurudumu mawili yanayovuta na ya manne zina mistari tofauti.

Kwa milioni 2.3, Sienta ya 2019 kuagizwa inawezekana kwa nafasi. Noah ya 2019 kuagizwa itabana mno. Noah inayokutosha ni ile iliyokwisha kusajiliwa hapa, ya 2014 hadi 2017, yenye mmiliki mmoja na karatasi za huduma. Hilo si baya: ushuru alishalipa mwingine, na unaona gari linavyofanya kazi kwenye barabara zetu.

Ukienda yadi za Ngong Road au Kiambu Road kutafuta gari lililoshuka melini karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japan. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linakubalika. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mikwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Muuzaji akikosa karatasi, nambari ya chasi inatosha kuitafuta kwa wanaouza rekodi hizo mtandaoni. Kilomita za kwenye karatasi zilinganishe na za kwenye dashibodi.

MamaTatu wa Ruai

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini Sienta ingenitesa. Basi Noah ya 2015 au 2016 iliyotumika hapa. Petroli au haibridi? Na ukaguzi ufanywe vipi? Mekanika wetu ni mzuri wa Wish, lakini Noah hajazizoea.

SpanaKumi

Mekanika wa Wish yako hayuko mbali na Noah. Injini ya Wish ya 1800 na hii 3ZR ni ndugu, familia moja ya ZR, zote na Valvematic, mfumo wa Toyota wa kudhibiti vali. Anazijua dalili zake.

Haibridi ya Noah hutumia injini ya 1,797 cc, na kwenye foleni ya Jogoo Road inaokoa mafuta kweli kweli. Lakini gari la miaka kumi lina betri ya miaka kumi. Kama utaikubali, lazima isomwe kwa mashine gari likiwa kwenye mwendo, uone volti za kila kundi la betri. Zikipanda na kushuka pamoja ni sawa, moja ikianguka peke yake wakati wa kukanyaga mafuta, betri inaelekea mwisho. Pia injini hiyo huziba masizi kwenye kipozea cha EGR, mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, na ikiachwa hivyo gaskiti ya juu huungua. Kwa bajeti isiyo na akiba, chukua petroli.

Siku ya ukaguzi mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Gusa kifuniko cha injini. Kikiwa na joto, rudini siku nyingine, kwa sababu gari lililopashwa linaficha mlio wa asubuhi. Liwashe na usikilize sekunde za kwanza.

Kisha tochi. Upande wa mikanda ya injini, chini ya pampu ya maji, tafuta ukoko mkavu wa rangi ya waridi. Ni kolanti ya Toyota iliyovuja ikakauka. Pampu za ZR huanza hivyo, tone dogo, kabla ya kupiga kelele. Si sababu ya kuacha gari, ila ni sababu ya kupunguza bei. Chomoa kijiti cha oili: oili nzito nyeusi inayonata ni habari mbaya zaidi, maana kidhibiti cha Valvematic hakivumilii oili chafu. Kikifa, taa ya injini inawaka na gari linabaki bila nguvu. Soma kompyuta hata kama hakuna taa yoyote. Kuna wanaofuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi ya kuuza, na mashine nzuri itakuonyesha ni kilomita ngapi zimepita tangu kufutwa.

CVT iendeshe angalau nusu saa mpaka ishike moto, usikubali kuzunguka mtaa mara moja. Kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa kanyaga polepole: mtetemeko wa kukwama-kwama ni oili iliyochoka au mkanda. Simama kwenye mlima, achia breki, kanyaga. Isichelewe kushika. Rudi nyuma kwenye mlima huo huo. Halafu uliza oili ya CVT ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Noah hii inataka CVTF FE ya Toyota au inayolingana nayo. Fundi akijibu kwamba alitia oili ya otomatiki ya kawaida, acheni gari hapo hapo. Oili hiyo haina msuguano unaotakiwa kati ya mkanda na puli, chuma kinasugua chuma.

Milango ya kuteleza ifungue na kuifunga kwa umeme mara kumi, gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko. Inayoishia njiani au kutoa sauti ya kukwaruza ina kebo iliyoanza kukatika. AC ya nyuma iwashe peke yake na uweke mkono kwenye matundu ya darini. Vuta mishipi yote ya usalama mpaka mwisho: mstari wa matope kwenye sehemu ambayo haivutwi kamwe unakuambia gari lilizama kwenye mafuriko. Ingiza vidole kwenye mwanya wa viti vya kati uguse vyuma vya ISOFIX vya kiti cha mtoto. Tairi zina tarakimu nne kwenye ubavu, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa zimepita miaka sita, weka bei ya tairi nne kwenye mazungumzo. Na uangalie kama kuna tairi la spea. Nyingi za Japan hutoka na chupa ya gundi na pampu tu, na gundi haisaidii tairi ikichanika ubavu porini Narok.

Karani wa Bandari

Karatasi zisije baada ya pesa. Fanya utafutaji wa rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia tovuti ya eCitizen, ada ni shilingi 550. Linganisha jina, nambari ya injini na ya chasi na zilizopigwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibandiko. Jina la benki au la mkopeshaji likionekana pamoja na la muuzaji, usitoe hata shilingi mpaka aliondoe. Uhamisho unaanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Kaeni benki siku hiyo, lipa sehemu kubwa mkiwa mmeshaona ombi limeingia. Bima kamili itahitaji gari likadiriwe thamani, na kampuni nyingi zina kikomo cha umri, kwa hiyo ulizia kabla ya kununua kama ya 2014 wanaikubali.

Mwendo Pole

Nimekubali Noah. Niongeze la baada ya kununua: usitumie milioni 2.3 yote kwenye bei. Acha laki moja na nusu hivi kando. Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini, 0W-20, lita 4.2 pamoja na filta. Kisha oili ya CVT, nayo haijazwi kwa kukisia. Inapimwa kwa nati ya kufurikia ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, gari likiwa sawasawa kwenye lifti. Bushi za mbele na linki za stabilaiza, kama zinagonga kwenye matuta. Filta ya AC. Kwenye foleni yako usisubiri zaidi ya kilomita 7,000 kati ya oili na oili. Redio kama bado ni ya Japan itaishia masafa ya 90 au 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi wa umeme anaweka kigeuzi kidogo nyuma yake.

MamaTatu wa Ruai

Nimeandika yote. Kuna Noah ya 2015 Donholm na nyingine ya 2016 Syokimau, zote petroli za viti saba, na ya Syokimau ina karatasi za huduma. Naanza na hiyo Jumamosi asubuhi, na nimeshamwambia muuzaji asiiwashe.

SpanaKumi

Sawa kabisa. Mbebe mama mkwe na watoto wote watatu siku hiyo, na kiti cha mdogo. Kifunge safu ya kati, wakubwa wapite nyuma, mama mkwe aketi, halafu ndipo mwendeshe. Springi za nyuma utazisikia zikiwa zimebeba uzito wenu wenyewe.